Kwenda Malaga na Kurudi

Vijana wangu wa ofisini,

Siku ya kuniaga mlinipa sanduku. Sanduku zuri, la samawati, lina magurudumu manne, na kwa ukubwa wake mtu mzima anaweza kujikunja akalala ndani. Mkapiga makofi, mkasema, "Bi Rukia, sasa zamu yako kusafiri." Nikashukuru, nikala keki, nikalivuta sanduku lile mpaka stesheni ya Ilford linanigonga visigino njia nzima. Farida wa kaunta aliniona nilivyokuwa nikiliangalia, akaniuliza kama sikulipenda. Nikamwambia nimelipenda sana, lakini lina hadithi yake. Akasema, "Basi iandike." Haya, naiandika, na atakayechoka katikati asinambie.

Vyeo sitavitaja, kwa sababu ofisi yetu haikuwa navyo. Alikuwapo bwana mkubwa, nilikuwapo mie, na kilikuwapo kiti cha mteja kilichokuwa na mguu mmoja mfupi. Mshahara nao tuuache ulale, alolala usimwamshe.

Nilianza kazi miaka ile ya sabini, Wahindi wa Uganda walipofukuzwa wakawa wanashuka London kwa makundi, na vikoti vyao vyembamba, na baridi inawasubiri mlangoni. Mie nilikuwa nimeshawatangulia. Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi, nikapitia Dar, nikafika huku na mume wangu, na nikajifunza kuvaa soksi mbili. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la sari, unapanda ngazi nyembamba zinazonuka bizari na udi. Nilipofika kuomba kazi nilimkuta Bwana Kassamali amekaa na koti lake, miguu ameitia karibu na jiko la mafuta ya taa. Kampala alikuwa na mabasi. Yote yalibaki huko. Alichokuja nacho ni koleo la kondakta la kutobolea tikiti, na lile koleo lilikuwa mezani pake mpaka siku ya kufa kwake. Tikiti za ndege hazitobolewi, lakini yeye akitoboa kona ya bahasha kabla hajamkabidhi mteja, ti!, akisema mtu asipoona tundu haamini kama anasafiri.

"Kiingereza unajua?" akaniuliza.

"Najua."

"Kigujarati?"

"Nimekulia Mkunazini, mlango kwa mlango na Wahindi. Nasikia kila kitu. Kujibu ndiyo kazi."

"Hasira unayo?"

Nikamtazama. "Ninayo."

"Basi anza leo. Watu ya airport naogopa mwanamke ya hasira."

Ndiyo hivyo nilivyoajiriwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, cha dukani, hakikuwa na muda wa mapambo, lakini mtu huyo hakuwahi kusema neno nisilolielewa. Yeye akiniita Rukiabai, mie nikimwita Bwana, na tuligombana kila siku isipokuwa Ijumaa.

Kazi yenyewe mwanzoni ilikuwa ya misiba, harusi na Hijja. Mtu anapanda ngazi analia, baba yake amefariki Mombasa, anataka kuondoka leo leo. Nilijifunza kumpa kiti kwanza, kisha chai, na mwisho ndiyo kuipigia simu kampuni ya ndege, kwa sababu mtu aliyefiwa hawezi kutaja tarehe yake ya kuzaliwa akiwa amesimama. Hilo nyinyi mnalijua, nimekufundisheni mwenyewe, na bado nasikia kuna mtu hapo anaanza na tarehe ya kuzaliwa.

Majira moja ya baridi, mvua haikati, Bwana Kassamali akaja na wazo. "Rukiabai, watu yetu nakufa na baridi. Mzungu kila mwaka nakwenda Spain. Sisi kwa nini hapana kwenda?"

Nikamwambia Mzungu anakwenda kuvua nguo pwani, na watu wetu hata soksi hawavui. Akasema hatuwapeleki pwani. Tunawapeleka Malaga, kuna ngome ya Waislamu, kuna soko, kuna kanisa kubwa, kuna jua, na chakula tutakwenda nacho. Wiki moja. Akaipigia simu hoteli, akampata na mwanamke wa kule mwenye leseni ya kutembeza wageni. Na wa kuwapeleka nani? Akanielekezea koleo.

Mie sijawahi kuongoza hata harusi. Lakini niliifanya khanga yangu nyekundu bendera, nikaifunga kwenye ncha ya mwavuli. Imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mwavuli ule nimeushika miaka yote ya kazi. Nawaona siku hizi mnatuma ujumbe kwenye simu, "Tupo mlango wa kaskazini", na watu wanakwenda mlango wa kusini. Khanga nyekundu haina kaskazini. Mtu anaiona, anakuja.

Siku ya safari nikasimama Gatwick na mwavuli wangu, abiria wakawa wanajikusanya chini ya khanga. Wa mwisho kufika alikuwa Bi Zera. Mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, ameolewa Kampala, mjane, mwembamba, amevaa koti la mwanawe linalomburuza. Safari alikatiwa na huyo mwanawe, Munira, aliyekuwa akifanya kazi hospitali Barking. Munira alikuja ofisini akanieleza kwamba tangu mama yake afike London hajatoka Ilford, kila kukicha ni dirishani, na daktari amesema apate jua. Basi nikamtarajia bibi mwenye kikapu na shali.

Aliletwa na sanduku, jamani. Kubwa, la zamani, limefungwa kamba ya katani mara mbili, na mkwewe analisukuma kama anasukuma gari bovu. Munira naye analia, mama yake analia, wameshikana shingoni. Nikasema moyoni, wiki moja tu hii, tukienda mwezi itakuwaje?

Mtu wa mizani akatikisa kichwa. Zito mno, haliendi. Nikalifungua pale pale sakafuni. Ndani mna mablanketi, sufuria la presha, msahafu, koti jengine la baridi, picha ya harusi katika fremu ya kioo, na viatu vya kiume, vimepigwa rangi vinang'aa.

"Bi Zera," nikamwambia, "tunakwenda wiki moja."

"Najua."

"Sufuria la presha la nini?"

"La kupikia."

Hasira ikanipanda, lakini foleni nyuma ilikuwa ndefu. Nikawagawia abiria wenzake. Huyu chukua blanketi, yule koti, wewe kijana sufuria. Picha ya harusi nikaipakata mwenyewe mpaka Malaga, bwana harusi ananitazama njia nzima. Viatu alivishika mwenyewe.

Uwanja wa ndege wa Malaga tulipokewa na Bi Remedios, yule mtembezaji wageni. Mfupi, sauti nzito ya sigara, Kiingereza chake alikiokota Gibraltar. Huyo ndiye mwalimu wangu. Kabla basi halijaondoka alinivuta pembeni akanambia, "Usiwaonyeshe ngome kabla hujawaonyesha choo." Nimesoma vitabu vingi vya kazi yetu baadaye, sijaona sentensi yenye faida kuliko hiyo.

Tukafika hotelini alasiri. Juu ya kaunta yake limening'inia paja zima la nguruwe, basi nusu ya watu wangu wakaangalia dari na nusu wakaangalia sakafu. Karani, kijana mwenye ndevu za mashavuni, akanyoosha mkono akasema kwa adabu kabisa, "Pasipoti."

Miaka ile Hispania, hoteli ilikuwa inachukua pasipoti za wageni, inakaa nazo mpaka iandike majina ya kuwapelekea askari, kesho wanakurudishia. Waingereza wakizitoa bila kufikiri, kama wanatoa kofia. Mie hakuna aliyenambia, na watu wangu hakuna aliyewaambia. Bwana wa kwanza kwenye foleni, aliyekuwa na duka Jinja, akarudi nyuma hatua. Wa pili akauingiza mkono kifuani. Bi Zera akaupakata mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Pasi yangu haitoki mkononi mwangu," akasema.

"Ni ya kuandika tu, mama, kesho wanatoa."

"Hata wale walisema ni ya kuandika tu."

Ukumbi mzima ule, watu na mizigo yao, hakuna aliyetoa pasipoti. Karani akamwita meneja. Meneja akaja, akasema sheria ni sheria, bila pasipoti hakuna ufunguo. Nikajaribu kumweleza, akarudia. Nikajaribu kuwaeleza watu wangu, wakakaa juu ya masanduku yao. Mwengine akafungua kopo la chevdo, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, wakaanza kula. Niliwajua hawa. Watu waliokula chakula chao barabarani wamezungukwa na bunduki hawaogopi kulala ukumbini.

Bi Remedios akaniuliza, "Hawa wana nini?"

Bi Zera akaeleza, mie natafsiri. Njia ya Entebbe, siku ya kuondoka, palikuwa na vizuizi vya askari. Kwenye kizuizi kimoja askari alizichukua pasipoti mbili, yake na ya mumewe, akasema anakwenda kuandika. Akarudi na moja. Bi Zera akapanda ndege ya London na binti yake kwa sababu mumewe alimsukuma apande. Mume, mtu asiye na karatasi, akapelekwa kambi ya wakimbizi Austria. Miaka ikapita ndiyo wakaonana Ilford, naye amekuja na kikohozi, hakukaa sana akafariki. Viatu vile ndivyo alivyoshuka navyo.

"Nilitoka nyumbani kwangu nikaambiwa nitarudi mambo yakitulia," akasema Bi Zera. "Basi mimi sasa nikitoka nyumba, natoka na vyangu vyote. Siwaamini. Leo niko Malaga, kesho wataniambia London si kwenu. Nina binti kule. Nina kaburi kule. Wataka niwape pasi yangu?"

Nikamtafsiria Bi Remedios yote. Yangu pasipoti mwenyewe ilikuwa ndani ya sidiria.

Bi Remedios alizima sigara yake. Akamwendea meneja, wakasemezana Kihispania kwa mikono, na mara mbili nilimwona akiwaonyesha watu wangu na makopo yao, kama anasema, unawaona, hawa hawaendi popote. Kisha akachukua meza ndogo mwenyewe na viti viwili, akaviweka katikati ya ukumbi. Karani akakaa upande mmoja. Mgeni mmoja mmoja akawa anakaa upande wa pili, pasipoti anaishika mwenyewe, ameifungua mbele ya macho ya karani, na karani anaandika bila kuigusa. Ilichukua alasiri yote. Mtu akimaliza anapewa ufunguo na wenzake wanampigia makofi. Yule karani mwisho akawa anacheka, akajua kusema "ahsante", akala na chevdo. Tangu siku hiyo, vijana, kila kundi nililolipeleka hoteli yoyote nilitangulia kuuliza mlangoni: karatasi za watu mnazifanyaje? Wengine wanauliza kifungua kinywa kwanza. Mie naanza na karatasi.

Asubuhi yake watu walipanda basi kwenda kutembea. Bi Zera hakupanda. Alikaa ukumbini juu ya sanduku lake, limefungwa kamba upya. Kutembea na pasipoti mjini anaogopa wezi. Kuiacha chumbani hataki. Kasha la chuma la hoteli, ndiyo usiseme.

"Nendeni," akasema. "Mimi nipo hapa hapa. Jua naliona dirishani."

Roho iliniuma. Kusafiri kote kule kuja kukaa dirishani, si angekaa Ilford tu? Nikamwomba, nikambembeleza, nikamkasirikia. Hakuondoka.

Bi Remedios akamsogelea, akafungua pochi yake, akatoa kitambulisho chake, chenye picha na muhuri, akakitia mkononi mwa Bi Zera. Akanambia nitafsiri. "Mwambie huku mtu akikutwa na askari bila hiki, kuna matatizo. Mwambie leo mie natembea bila karatasi. Yeye anazo za watu wawili. Nikisimamishwa, awe karibu."

Akageuka akatoka zake.

Bi Zera akakiangalia kile kitambulisho. Akaniangalia mie. "Wazimu huyu?"

"Sijui, Bi Zera. Ndiyo kwanza nimemjua jana."

"Mwite!"

"Ameshafika barabarani."

"Yaallah, watamkamata!" Akasimama, koti linaburura, mkoba kwapani, akatoka mbio. Sanduku nilimpa karani alishike, na wallahi hakuligeukia.

Siku ile nzima Bi Zera alimfuata Bi Remedios nyuma nyuma. Kila pahala tulipokwenda alikuwa hatua moja nyuma yake, mkono ndani ya mkoba. Na ndivyo alivyouona mji wa Malaga.

Tulianza sokoni. Mlango wa soko lile ni tao kubwa la marumaru, limeinama ndani chini mfano wa kwato ya farasi. Wakati wa Waislamu palikuwa ni mahala pa kuundia meli. Leo ndani wanauza samaki, zaituni na ndimu. Juu kuna ngao mbili za mawe zenye maandishi. Bi Zera akainua kichwa, midomo ikaanza kucheza, akayasoma kwa sauti: "Wa la ghaliba illa Allah." Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wenzetu Wahindu nao wakasimama wakasikiliza.

"Na aliyeandika haya yuko wapi?" akauliza Bi Zera.

"Alifukuzwa," akasema Bi Remedios.

Bi Zera akatikisa kichwa polepole. Kisha akanunua ndimu, akasema zinafanana na za Mombasa ila hizi zina kiburi.

Tukaenda kanisa kuu. Lina mnara mmoja umekamilika na mwengine umekatika, hawakuumaliza mpaka leo, na watu wa mji wanaliita bibi mwenye mkono mmoja. Hapa nikajifunza somo la pili. Bi Remedios alikuwa anajua mambo ya kanisa lile ya kusimulia mpaka magharibi, lakini aliwaambia huo mkono mmoja tu, akanyamaza. Akaninong'oneza, "Kila jiwe lipe neno moja. La pili wanalisahau, la tatu wanakuchukia." Bwana wa Jinja akasema hata yeye nyumba yake ya ghorofa aliiacha imejengwa upande mmoja, basi na yeye ana kanisa kuu Jinja. Watu wakacheka mpaka padri akatoka.

Chini ya ngome kuna ukumbi wa michezo wa Warumi, ngazi za mawe za kukalia watazamaji. Miaka ile ulionekana kipande tu, kwa sababu serikali ilikuwa imejenga jumba juu yake. Baadaye walilibomoa jumba, sasa wote uko wazi. Mkiwapeleka watu leo waambieni hivyo, wazee wanapenda kusikia kwamba kuna siku serikali ilikiri kosa.

Kisha ngome yenyewe, Alcazaba. Unapanda taratibu, njia inapinda kila mlango, waliijenga hivyo ili adui asiweze kuingia mbio. Mlango mmoja umebebwa na nguzo walizozichukua kwa Warumi. Juu kuna viwanja vidogo vyenye mifereji ya maji inayokwenda bila sauti, asumini zimepanda ukutani, na bandari yote unaiona chini. Asumini ile ilinitoa machozi, nilisikia harufu ya kwetu, nikajidai najifuta jasho.

Bi Remedios alisimama kwenye kiwanja kimoja, akapiga ardhi kwa kiatu. "Hapa," akasema, "ndipo nilipozaliwa."

Nikadhani sikumsikia vizuri. Akaeleza. Baada ya wafalme kuondoka ngome ilibaki gofu, na masikini wa mji wakahamia humu, wakajenga vibanda ndani ya kuta, wakafuga kuku. Yeye alizaliwa humo. Alipokuwa mtoto serikali ikaamua ngome itengenezwe, wakaambiwa watoke. Vibanda vikavunjwa, mama yake akashuka kilima na godoro kichwani.

Nilipomaliza kutafsiri Bi Zera alimsogelea. "Nyumba yako ilikuwa wapi hasa?"

Bi Remedios akaonyesha penye asumini. "Jiko lilikuwa pale. Mlango hapa unaposimama."

Bi Zera akaondoka haraka pale aliposimama, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu na viatu. "Na unawezaje kuja? Kila siku?"

"Mwanzo niliapa sitakanyaga," akasema Bi Remedios. "Halafu nikaona, watakuja watu wa dunia nzima hapa, na hakuna atakayewaambia kwamba mama yangu alikuwa anapika pale. Basi narudi. Kila siku narudi, na jioni nakwenda zangu nyumbani. Nina nyumba nyengine sasa, ina bafu. Hii nayo ni yangu. Mtu anaweza kuwa na mbili."

Bi Zera akachuma ua moja la asumini, akalitia ndani ya mkoba, pamoja na zile karatasi.

Tunatoka mlango wa chini, tukakutana uso kwa uso na askari wawili. Bi Zera, mtu wa kilo za kuhesabu, akaruka akasimama mbele ya Bi Remedios, ameshakitoa kitambulisho anakitikisa hewani. "Huyu hapa! Huyu yake ninayo mimi!" Kwa Kiswahili hicho.

Askari mkubwa akamwangalia, akavua kofia, akasema, "Habari za leo, Remedios. Mama hajambo?"

Bi Zera akageuka. "Anakujua?"

"Tumekua pamoja humo ndani," akasema Bi Remedios. "Mama yake alikuwa jirani yetu."

"Kumbe umenichezea!"

"Umetembea, hukutembea?"

Jamani, Bi Zera alicheka. Mara ya kwanza kumwona meno. Alicheka mpaka akashika ukuta, na yule askari naye akacheka bila kujua anacheka nini. Siku zilizobaki alikuwa wa kwanza kwenye basi. Alikula samaki wale wadogo wanaowatunga kwenye vijiti na kuwachoma juu ya mashua mbovu iliyojazwa mchanga, akasema wamekosa pilipili tu. Na siku ya mwisho tulipopanda ngome ya juu zaidi, Gibralfaro, kilima kikamshinda pumzi, akanipa mkoba wake nimshikie. Mkoba wenyewe. Nikaubeba kama nabeba yai.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa bado, na sote tulijua. Ndege ilipoanza kushuka Gatwick Bi Zera aliitoa pasipoti yake, akaifungua. Asumini ilikuwa imeshanyauka ndani ya pasipoti.

Tulipofika kwenye foleni ya uhamiaji akanishika mkono. Vidole vyake vya baridi. Pasipoti yake ilikuwa ya Kiingereza, lakini wakati ule zilikuwapo za Kiingereza za aina nyingi, na baadhi yake zilikuwa za Kiingereza mpaka umfikie Mwingereza. Ofisa akaifungua. Akasoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. Akauliza alikuwa wapi, nikamjibu. Akauliza anakaa wapi, nikataka kujibu, Bi Zera akanitangulia.

"Ilford," akasema. Kisha akaongeza kwa Kiingereza chake, "My house."

Ofisa akaondoka na ile pasipoti, akaingia nayo chumba cha nyuma.

Bi Zera hakulia. Alisimama anautazama ule mlango, na mie nikauona mwili wake wote uko njia ya Entebbe. Nikageuka nyuma. Abiria wangu waliokuwa wameshapita wamesimama upande wa pili, hakuna aliyekwenda kuchukua mizigo, wanatusubiri. Na waliokuwa bado kwenye foleni wametusogelea. Bwana wa Jinja akasema, "Mama, wakikurudisha tunarudi wote. Hoteli tunaijua." Nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Mlango ukafunguka. Ofisa akarudi na kikombe cha chai mkono mmoja na pasipoti mkono mwengine. Akapiga muhuri, akamrudishia.

"Next," akasema.

Bi Zera hakuondoka. "Amesemaje?"

"Amesema anayefuata."

"Mimi je?"

"Wewe umeshapita."

"Basi?"

"Basi, Bi Zera."

"Basi tu?"

"Basi tu!"

Akaiangalia pasipoti, akauangalia ule muhuri wino wake haujakauka, akasema, "Kwa hiyo mtu anakwenda, na anarudi." Munira alipomwona anatoka alimkimbilia akimlilia, mama yake akamwambia, "Unalia nini? Nilikwenda Malaga."

Mwaka uliofuata alipanda ngazi za ofisi mwenyewe, akamwambia Bwana Kassamali amtobolee bahasha. Lile sanduku la kamba ya katani hakuja nalo, alikuja na la wastani, bila ya sufuria. Mwaka wa pili begi. Viatu vya mumewe vilibaki Ilford, karibu na mlango, pahala pa viatu vya mwenye nyumba. Na safari yake ya mwisho na mie, mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, alifika Gatwick na kikapu cha ukili mkononi. Nikamuuliza, "Bi Zera, mizigo iko wapi?"

Akanishangaa. "Mizigo ya nini, Rukia? Narudi."

Sasa mmejua. Kila mteja atakayesimama mbele yenu na mzigo mkubwa kuliko safari yake, msimcheke, na msikimbilie mizani. Muulizeni alitoka wapi. Huku London bado wanakuja, wenye karatasi za aina nyingi, na kila mmoja ana njia yake ya Entebbe.

Mie mwezi ujao nakwenda Unguja, mara ya kwanza tangu nitoke. Nilikuwa nasema sina muda, na nyinyi mkiniamini. Sanduku lenu la samawati ni zuri mno. Nimelitia mablanketi ya baridi, lipo chini ya kitanda, linanisubiri. Jana binti yangu kaja kunisaidia kufungasha, kakuta kikapu mezani, nguo mbili tatu, na ile khanga nyekundu juu yake.

"Is that all, Mama?"

"Ndiyo hivyo," nikamwambia. "Narudi."